Kikao Hakijafungwa

Ukiingia kwake aliangalia miguu yako kwanza, uso baadaye. Kituo chenyewe cha ushauri kilikuwa nyumba ya vyumba viwili hapa Galbet, Garissa, ukuta wa mawe, paa la mabati, na nje bango la mradi lenye picha ya familia inayocheka. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mkeka ulianzia hatua moja mbele ya kigoda, kwa hiyo kila mtu alivua viatu chini ya macho yake, mkubwa kwa mdogo.

"Aliyekuja kwa hiari yake huacha viatu vikitazama ndani," aliniambia. "Aliyesukumwa huvigeuza vitazame nje, tayari kuondoka. Na mwenye jambo zito, abaayo, husahau kuvivua."

Abaayo ni dada, ndivyo tunavyoitana huku hata kama hatukuzaliwa pamoja.

Binti yangu Ifrah, siku aliyokwenda kumweleza yaliyompata, alikanyaga mkeka na viatu vyake. Mshauri mwenyewe aliniambia hivyo. Aliona, akajua, na bado yakawa yaliyokuwa.

Namwita Mshauri kwa sababu mtaa mzima ulimwita hivyo, vijana, wazee, hata mumewe. Jina analo. Wengine katika habari hii nitawataja, maana nimechoka kusikia "mtu fulani" na "jambo lililotokea". Kuna Bishar, aliyekuwa mume wangu. Kuna Abdi, mshirika wake wa biashara ya mifugo, mwenye duka la jumla, tunayemwita Gaab kwa ufupi wake. Kuna Haji Mahat, mzee wa ukoo. Kuna Festo, afisa wa mradi. Hao ni wanne. Wa tano ni mimi, na nitajitaja nikifika mahali pangu.

Mimi nauza maziwa ya ngamia. Shule nilikaa miaka miwili, na hiyo miwili mbuzi waliniona zaidi kuliko mwalimu. Kiswahili nilikiokota kwa wateja wangu wa maofisini. Kuandika nilifundishwa na huyu huyu Mshauri, ukubwani, kwenye darasa la akina mama lililokuwa saa tisa wakati watoto wako madrasa. Kwa hiyo hata herufi ninazomshtakia nazo ni zake.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya mradi kumchukua, na ualimu haukumtoka. Mkononi alikuwa na fimbo nyembamba ya siku zile. Aliwafundisha wazazi kwamba kupiga mtoto ni kumwonyesha kuwa maneno yamekuishia, na alilisema vizuri sana, hadi akina mama wengine walilia. Lakini kijana akisinzia kwenye kikao, ile fimbo ilimgusa mguu. Siku moja kijana mmoja aliyeguswa akamwuliza, "Mshauri, si juzi umesema kupiga ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa," akasema. "Na mimi ni mgonjwa. Kaa wima."

Vijana walimpenda kwa hilo. Walikuja kwa ajili ya mpira wa wavu, kwa wali na nyama ya mbuzi siku za semina, kwa fulana zenye maandishi ya amani, lakini walibaki kwa ajili yake. Wale wa miraa, wale waliofukuzwa shule, wale waliorudi kutoka Nairobi bila kitu, wote walipita kwenye ule mkeka. Hakuwadanganya. Kuna mmoja alimwambia, "Mathe, tunabambika na wewe, lakini job iko wapi?" Akamjibu, "Kazi sina. Chai ninayo. Ukimaliza kunywa tutafikiria." Nao walikunywa. Wengine walifikiria kweli, wakapata vibarua, wakaoa. Siwezi kusema hakufanya kitu. Ingekuwa rahisi kwangu kama asingefanya kitu.

Chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia, ya hiliki na mdalasini, sukari nyingi, kwenye chupa nyekundu iliyofungwa kifuniko kwa kamba ya plastiki. Maziwa alichukua kwangu. Alikwenda na chupa hiyo kila nyumba aliyoitwa, na nyumba nyingi ambazo hakuitwa.

Kwangu hakuitwa. Nani angemwita? Bishar alinipiga kofi moja tu siku ile, kiganja kizima kwenye sikio la kushoto. Nilisikia mluzi, kisha mluzi ukaisha na sikio likaisha nalo. Kesho yake asubuhi Mshauri akafika na kigoda chake na chupa yake, akakaa mlangoni, nje, jua likimwakia mgongoni. Hakuingia. Hakuuliza sikio langu limefanya nini. Alimwuliza Bishar habari za ngamia wake, mmoja mmoja, kwa majina, yupi ana mimba, yupi anakohoa. Akammiminia chai, akaenda zake. Kesho yake tena. Siku ya tatu, baada ya ngamia wote kuulizwa hali, akasema, "Walaalo, ndugu yangu, katika hawa wote, yupi humpiga sikioni?"

Bishar akakizungusha kikombe mkononi.

"Nakuuliza tu," akasema. "Mimi nimekaa sana na chaki, nimesahau mambo ya mifugo."

"Hakuna," akasema Bishar.

"Kwa nini?"

"Mnyama akipigwa kichwani haendi tena sawa."

Mshauri akamwongezea chai. Basi. Hakusema neno jingine, akachukua kigoda akaondoka. Na tangu siku hiyo hadi nilipoachana naye, Bishar hakuniwekea mkono. Sikio halikurudi, lakini maisha yalirudi. Kuanzia hapo Mshauri kila akikaa nami alikaa upande wa kulia, bila kuambiwa, hata msikitini upande wa wanawake, hata kwenye foleni ya zahanati.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimwamini.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Tusitaje mtu, tutaje jambo." Alilisema kila kikao. Alisema ukimtaja mtu, ukoo wake wote unasimama nyuma yake, lakini ukitaja jambo, hata mwenye jambo anaweza kukaa upande wako akalitazama. Nilimbishia mara nyingi. Nilimwambia jambo halina mikono, mimi nilipigwa na Bishar. Akacheka. "Ndiyo. Na Bishar amelitazama jambo, si ndivyo?" Ilikuwa kweli.

Neno la pili: "Nipe siku tatu." Alikuwa na imani na siku tatu. Mgomvi, mwizi wa mbuzi, msichana aliyetoroka, mama mkwe asiyeongea na mke wa mwanawe, wote aliwaomba siku tatu. Alisema siku ya kwanza mtu ana hasira, ya pili ana aibu, ya tatu ana njaa ya kuzungumza.

La tatu halikuwa neno, ilikuwa mazoea. Kikao chake hakikuvunjika bila Fatiha. Hata cha vijana wa mpira, hata kile cha kupanga nani atafagia. Mikono juu, Fatiha, amina, mpake uso, mwende. Wageni wa mradi kutoka Nairobi waliinua mikono nao, wasiojua kusoma wakitikisa midomo.

Alikuwa na vichekesho vyake. Saa nane mchana hakupatikana, alikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu akitazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Alizungumza na wale watu wa kwenye kioo. "Huyu anahitaji kikao cha familia," angesema, akionyesha mwanamke anayelia kwenye jumba lenye ngazi za dhahabu. "Baba mkwe akae hapa, mimi nikae pale." Mwenye kibanda alimwambia apeleke mradi Uturuki.

Na alikuwa na mambo ambayo hayakupatana na kazi yake. Aliwaambia wanawake wa darasa wasinyamaze. Lakini mumewe alipooa mke wa pili, msichana wa umri wa binti yake, Mshauri ndiye aliyepika wali wa harusi. Nilimsaidia kuchambua mchele. Nikamwuliza, "Hukusema kitu?"

"Nilisema."

"Kwa nani?"

"Kwa sufuria," akasema, akaendelea kuokota mawe kwenye mchele.

Nilicheka siku ile. Baadaye nilipokumbuka sikucheka tena. Mtu anayeyasema mambo yake kwa sufuria, nilipaswa kujiuliza ya watu wengine atayasema wapi.

Ifrah alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita, mrefu, mvivu wa kufua, hodari wa hesabu. Baba yake alimtuma kwa Gaab kuchukua gunia la sukari. Gaab akamwambia aingie ghalani achague mwenyewe. Alichomfanyia humo sitakiandika. Ifrah alikisema mara moja kwa Mshauri, na mara moja inatosha. Mimi hakuniambia. Aliogopa nitapiga kelele, baba yake aue mtu. Alimjua baba yake vibaya, kama ilivyokuja kuonekana.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mshauri akamketisha, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho, akaandika kwenye daftari lake. Kisha akamwambia, "Nipe siku tatu."

Hospitali ni mwendo wa tuktuk kutoka pale. Si safari. Nimeupima mwendo huo mara nyingi baadaye, nikiwa nimebeba maziwa, nikiwa sina haraka yoyote.

Sitasema alikaa tu. Alimpigia Festo simu, akaomba gari la mradi limpeleke mtoto hospitali na polisi. Festo akamwambia gari ni la shughuli zilizo kwenye mpango, na kesi ya polisi itawatisha wafadhili mwaka unapoisha. "Anza na familia, mama," akamwambia. "Si ndiyo kazi yetu?" Sasa hivi Festo yuko mji mwingine na mradi mwingine. Nasikia amepandishwa cheo.

Na Mshauri naye aliogopa kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua. Msichana akipelekwa polisi kabla ya wazee kuambiwa, anakuwa hana watu. Shangazi atamfungia mlango, mama atatukanwa sokoni, wadogo zake hawataolewa. Kwa hiyo alitaka awaambie wazee kwanza, waambiwe tu, halafu yeye achukue mtoto aende naye hospitali, ukoo ukijua. Hivyo ndivyo alivyopanga. Nina hakika ndivyo alivyopanga, na hakika hiyo hainisaidii kitu.

Alhamisi tukaitwa. Mimi niliambiwa asubuhi ile ile, na Mshauri, nikiwa nimeshika mtungi wa maziwa. Aliniambia pole pole upande wa kulia. Nilikaa chini barabarani. Akanishika akasema, "Leo tunataja jambo. Kesho tuko hospitali. Mama Ifrah, niamini."

Kwenye mkeka walikuwa Haji Mahat na wazee wawili wa kumwitikia, Bishar, Gaab, Mshauri, na mimi nyuma karibu na pazia. Nyuma ya pazia, chumba cha cherehani, alikaa Ifrah. Niliangalia viatu, maana alikuwa amenifundisha kuviangalia. Vya Bishar vilitazama nje. Vya Gaab vilitazama ndani, vimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino, kama vya mtu aliyekuja kusalimia. Mshauri aliniambia baadaye kwamba hivyo viatu vilimchanganya.

Akafungua kikao. "Hatumtaji mtu leo," akasema. "Tunataja jambo. Mtoto ameumizwa, na mtoto ni wetu sote."

Gaab akatikisa kichwa kwa huzuni. Alitikisa kweli, kama mtu anayesikia habari za msiba wa jirani. Hapo nilitaka kusimama nimtaje. Nilimtazama Mshauri, akanishusha kwa kiganja, hivi, taratibu. Nikakaa.

Haji Mahat akakohoa. "Jambo limetokea kati ya nyumba mbili zinazokula pamoja," akasema. "Msichana asibaki na aibu. Aolewe hukohuko lilikotokea, ngamia watolewe kwa baba yake, na midomo ifungwe. Hayo ndiyo maslaha, suluhu ya wazee, hakuna mengine. Bishar, unasemaje?"

Bishar aliutazama mkeka. "Mimi ni mtu wa wazee," akasema.

Mtu niliyedhani ataua.

Mshauri akaona kikao kinamponyoka. Akasema haraka, lakini kwa adabu, "Adeer Haji, mtoto anatakiwa hospitali kwanza. Haya mengine tuyaahirishe, tukae tena wiki ijayo." Adeer ni ami, ndivyo mzee anavyoitwa. Haji akawatazama wazee wake wawili. Mshauri akaona bora avunje kikao wakati bado hakuna aliyesema ndiyo, amchukue Ifrah watoke. Akainua mikono kama alivyoinua kila siku ya maisha yake pale. "Tusome Fatiha."

Mikono yote ikapanda. Ya Haji, ya wazee wawili, ya Bishar, ya Gaab. Na mimi, Halima, mama yake Ifrah, niliinua yangu. Sikufikiria. Ukisikia Fatiha unainua mikono.

"Amina," tukasema.

Haji Mahat akapaka uso, akapaka ndevu, akaanza kutafuta bakora yake. "Allah akubali. Limekwisha."

"Tumeahirisha, adeer," akasema Mshauri.

"Umeahirisha nini? Nimesema maneno, umeyasomea Fatiha, baba mtu ameitikia amina, mama mtu ameitikia amina." Alikuwa mpole kabisa. "Nani amewahi kuahirisha kwa Fatiha, binti yangu?"

Yeye. Yeye peke yake katika Garissa nzima ndiye aliyekuwa akiahirisha kwa Fatiha, miaka yote ile, na vijana wa mpira na akina mama wa darasa. Lakini mbele ya wazee, juu ya damu au ndoa au ngamia, Fatiha ni kufuli. Kila mtoto wa wafugaji anajua. Yeye mwenyewe ni wa Eldas, baba yake alikuwa akisuluhisha watu visimani, alijua kabla hajajua kutembea. Mazoea ya kituo yalimfanya asahau kwa muda wa sura moja fupi. Sina ugomvi na maneno ya Mwenyezi Mungu. Nina ugomvi na walioyafanya mlango, na aliyewapa mlango wenyewe.

Baada ya hapo atakayekwenda polisi amevunja ukoo. Mshauri hakwenda. Mimi nilikwenda, baada ya siku nne. Nilichelewa kwa sababu Bishar alinifungia ndani. Nilipotoka, Ifrah alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la Wajir na dada zake Gaab, akapelekwa Eldas kwa mama yake Gaab, awe mke wa pili wa mtu mwenye mke na watoto hapa mjini.

Alipiga simu mara moja, kwa simu ya kuazima.

"Hoyo," akasema. Mama.

"Naam, mwanangu. Uko wapi? Umekula?"

"Niliona kupitia pazia," akasema. "Mikono yako ilikuwa juu."

Simu ikakatika, au aliikata. Hiyo namba nikiipiga anapokea mwanamme, ananiambia nimekosea.

Nikaachana na Bishar, nikahama na mitungi yangu. Nikaanza kwenda kituo cha polisi, dawati la jinsia. Kuna afande pale, mwanamke wa kutoka Kitui, anayenunua maziwa kwangu sasa. Siku ya kwanza hakuwa mteja, alikuwa na mafaili tu. Akaniambia, "Mama, wewe hukuwepo alipoeleza. Msichana yuko mbali, hajasema. Baba anasema ameolewa kwa ridhaa. Nani alimsikia wa kwanza?"

"Mshauri. Aliandika."

"Basi mlete huyo. Bila huyo, hii ni maneno ya mama na baba walioachana."

Nilimfuata Mshauri. Miaka miwili nilimfuata. Sitaki mtu aseme kwamba alinifukuza, hakunifukuza hata mara moja. Alinimiminia chai kila nilipokwenda, akakaa upande wangu wa kulia, akanikatalia.

"Nikiandikisha polisi, kesho hakuna mtoto atakayekanyaga mkeka huu," akaniambia. "Abaayo, nina wasichana watatu sasa hivi wananiambia mambo. Wazee wakifunga kituo, hao watamwambia nani?"

"Na hao watatu utawafanyia nini?" nikamwuliza. "Siku tatu?"

Akaweka kikombe chini. Sijawahi kuona mtu akiweka kikombe chini taratibu namna ile. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Aliendelea na kazi. Hilo pia liandikwe. Aliendelea kupita mtaani na chupa nyekundu, akirudisha watoto shule, akikaa kwenye milango ya watu wenye mikono mizito. Alipungua mwili. Fatiha aliacha kusoma kwenye vikao. Akimaliza alisema tu, "Haya, nendeni," na vijana walitazamana, hawajui kama wameruhusiwa. Saa nane hakwenda tena kwenye kibanda. Alikutana na Haji Mahat njiani, akamsalimu kwa adabu, akamwita adeer, nikamwona kwa macho yangu, nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia Gaab. Gaab sikuwahi kumpenda. Yule nilikuwa nimempenda.

Mradi ukaisha wenyewe, bila wazee kuufunga. Wafadhili walikwenda kwingine. Bango la familia inayocheka limekuwa ukuta wa banda la kuku nyuma ya soko, baba wa familia amekatwa shingoni kwa msumeno ili bati litoshe.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, nikasikia Mshauri amepigwa na kiharusi. Sikwenda. Wiki ya pili akamtuma yule mke mwenzake, aliyempikia wali wa harusi. Sasa ni mama wa watoto wawili. Alinikuta sokoni, akasema, "Anakuita. Anasema uje kabla mdomo haujafunga."

Nilikwenda na hasira yangu yote. Njiani nilipanga maneno. Alilala kwenye kitanda cha kamba, mto chini ya bega, upande mmoja wa uso umeteremka. Mke mwenzake alikuwa amemfuta mdomo kwa kitambaa safi, bakuli la uji liko sakafuni. Mshauri aliangalia miguu yangu. Nikaiangalia na mimi. Nilikuwa nimesimama katikati ya mkeka wao na ndara zangu.

"Kaa," akasema. Neno lilitoka limelowa. "Nipe... sikio."

Nikakaa, nikainamisha upande wa kulia hadi mdomoni mwake. Maneno yangu niliyopanga yote yalipotea.

"Binti amepiga simu?"

"Hapana."

"Nasikia ana mtoto."

"Nasikia hivyo. Hata jinsia sijui."

Nilisikia pumzi yake. "Nilimwambia siku tatu," akasema.

"Najua."

"Leo ni ya ngapi?"

"Mshauri, usinifanyie darasa."

Upande mzima wa mdomo wake ukacheka kidogo, kisha ukaacha. "Mlete afande wako," akasema. "Leo. Kesho sijui nitasema nini na nini nitashindwa."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na mtandio ukiniponyoka, nikapanda tuktuk, nikamkuta afande anafunga ofisi kwenda kula. Sikumweleza sana. Alichukua daftari na karatasi, tukarudi.

Ilichukua mchana wote. Mke mwenzake alitoa daftari la zamani chini ya godoro, ukurasa wa Jumatatu ile, mwandiko ule mzuri wa ubaoni. Lakini afande alitaka asikie kwa mdomo, na mdomo ulikuwa na kazi. Neno likikwama, nilikaribia, nikalisikia kwa sikio langu moja, nikalitamka kwa sauti, na Mshauri akafumba macho kuonyesha ndiyo. Afande alinikataza kuongeza hata neno. Sikuongeza.

"Sasa majina, mama," akasema afande. "Nani alifanya, nani walikuwepo."

Kuku alipita mlangoni. Mke mwenzake alimfukuza. Nilidhani hatasema. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaja mtu.

"Abdi," akasema. Akataja na la baba yake, na la babu yake. Akataja Haji Mahat vivyo hivyo, majina matatu. Bishar, matatu. Ya Festo alijua mawili tu. Afande aliandika, akapiga mstari chini, akafunika kalamu.

"Bado mmoja," akasema Mshauri.

Akataja jina lake. Lake, la baba yake aliyesuluhisha watu visimani Eldas, la babu yake. Akasema, "Niliwaita mimi. Nikasoma Fatiha mimi." Alilisema kwa shida, na hilo sikulazimika kulirudia kwa mtu yeyote, lilisikika chumba kizima. Jina hilo liko kwenye karatasi ya serikali sasa, mahali alipoliweka mwenyewe, na mimi sina sababu ya kulihamishia hapa.

Kutia sahihi alishindwa. Mkono uliotufundisha kuandika, wanawake wa Galbet zaidi ya darasa moja, ulikuwa umelala juu ya shuka kama si wake. Afande akampaka wino dole gumba la kushoto.

"Nitawaandikia wenzangu wa Wajir," afande akaniambia mlangoni. "Siahidi kitu. Msichana mwenyewe itabidi akubali kusema."

"Atakubali?"

"Mama, mimi simjui. Wewe unamjua?"

Akaenda na tuktuk. Nikarudi ndani kuchukua mtandio wangu. Mshauri alikuwa anatazama dole gumba lake lenye wino. Kisha akaugeuza mkono ule wa kushoto, ulio hai, kiganja juu, akauinua. Mke mwenzake akaelewa haraka kuliko mimi. Akaushika ule mwingine uliokufa, akauinua kwa niaba yake, akauweka sambamba na mwenzake. Wakakaa hivyo, wakiningoja.

Miaka miwili hakuwa amesoma Fatiha kwenye kikao. Nilijua anaomba nini. Na nilikuwa nimeshasikia alichosema, nilikuwa nimeona wino. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nimechoka tu.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mtandio. Niliihisi ikitaka kupanda yenyewe, kama siku ile. Nikaishika, mmoja kwa mwingine.

"Ifrah akishuka hapa Garissa," nikasema. "Akiwa ameketi nasi. Hapo tutasoma."

Hakunibishia. Mke mwenzake akamshushia mkono mmoja, mwingine akaushusha mwenyewe, taratibu, kama alivyoweka kile kikombe. Akaangalia tena miguu yangu. Nikatoka na ndara zangu vilevile nilivyoingia nazo, nikawaacha wamekaa, kikao kikiwa wazi.